Tuulizwe kabla tinga halijafika

Mhariri,

Nairobi ina wadi 85 na kila wadi iko na MCA wake, yaani mjumbe wake kwenye bunge la kaunti, lakini mtu mmoja atajuaje mtaro gani umeziba nyuma ya ploti yetu? Sheria ya miji ya 2011 inatupa wakazi haki ya kushiriki mambo ya jiji, sasa mbona tunaitwa tu wakati wa bajeti, tena Jumanne asubuhi watu wako kazini, unasaini karatasi, unapewa soda unarudi nyumbani.

Tuundiwe kamati za ushauri kila mtaa, mama mboga awemo, mtu wa boda, keateka wa ploti (huyo ndio anajua maji hukatika lini), na kaunti isikie. Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda mtaa, ibaki na usalama. Na posho wasilete, zikija tu wakubwa watajaa.

Mkazi, Eastlands