Andikeni kabla maji hayajakauka

Leeds

Mjomba, shikamoo.

Nimesikia mnataka kuwatuza yule askari na wavuvi wawili walioingia ziwani usiku kuokoa maisha, nawe unauliza huku Uingereza hufanyaje. Nakuandikia yatakayokufaa tu, mengine ni mapambo.

Medali zao za ushujaa zina ngazi. Ya juu kwa raia ni George Cross ya mwaka 1940, ikifuatiwa na George Medal. Askari na raia hupimwa kwa mizani moja. Baada ya shambulio la London Bridge la Juni 2017, George Medal ilikwenda kwa polisi Wayne Marques, aliyewakabili washambuliaji watatu kwa rungu, na kwa Ignacio Echeverría, Mhispania mfanyakazi wa benki aliyekuwa na ubao wake wa magurudumu tu. Huyo aliuawa palepale.

Kwa mambo ya maji kuna chama kiitwacho Royal Humane Society. Madaktari wawili, Hawes na Cogan, waliianzisha London mwaka 1774, watu wakidhani aliyezama ndiyo basi tena. Mpaka leo hutoa vyeti na medali, na mtu yeyote anaweza kupendekeza jina.

Sasa faili lenyewe la kuwapendekeza. Kwa medali za taifa huangaliwa hatari ilikuwa kubwa kiasi gani, mhusika aliijua kiasi gani, na aling'ang'ania vipi. Kwa hiyo kuandika "shujaa wetu" mara kumi hakuongezi kitu. Andikeni kina cha maji, umbali kutoka ufukweni, mawimbi, giza, alirudi majini mara ngapi. Andikeni alivaa nini: buti za askari zikishajaa maji humtatiza mtu kuogelea, na hilo peke yake ni hoja. Kama mtu alifufuliwa, nani alianza, kwa dakika ngapi, na pumzi ilirudi lini? (Huku hufundishwa kwamba aliyezama huanzwa na pumzi 5, kisha kubonyeza kifua mara 30 kwa pumzi 2. Wafundisheni na wavuvi.) Aliyeokolewa akifa baadaye, msilifunge faili. Kujaribu nako huhesabiwa.

Faili huharibikia kwa raia. Askari ana mkuu wake wa kituo, ana kalamu na muhuri. Mvuvi anakamua shati na kurudi kwenye nyavu. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani hapo Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, mvuvi Majaliwa Jackson alipata shilingi milioni moja na nafasi Zimamoto, tena upesi. Lakini wavuvi wengine waliosogeza mitumbwi siku ile, nani anayakumbuka majina yao? Mtu mmoja na awe na daftari ufukweni: majina matatu ya kila aliyeingia majini, simu, na namba ya mtumbwi.

Mashahidi wachukueni mmoja mmoja kabla hawajakaa pamoja kijiweni, maana wakishakaa maelezo yote yanakuwa mamoja. Angalau wawili wasiwe ndugu wa mhusika. Na wanaopendekezwa wenyewe msiwaambie kitu mpaka uamuzi utoke; mtu akishaahidiwa kisha akakosa, mtakuwa mmemkosea kuliko kumnyamazia.

Ukipata hayo, nitumie picha za kurasa, nitakupangia faili. Bibi mpe shikamoo yangu.

Mpwa wako,
Deo