Kwa sahibu yangu wa barazani: ile nusu pointi

Mombasa, Jumapili usiku

Sahibu yangu,

Asalaam aleikum. Natumai uko salama wewe na nyumba yako. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu, Fundi anakusalimu, na mzee wa kahawa bado anakuwekea kile kikombe chako kilichomeguka mdomo. Mwezi wa tano sasa sijasikia sauti yako. Nikipiga simu unasema uko kazini, halafu hupigi tena. Nilikuwa nimejiambia nikupe nafasi, lakini juzi mama yako alinidokeza kwamba umeufunga ubao wa sataranji kwenye gunia na kuutupa juu ya kabati, ati umechoka kucheza miaka kumi bila kupanda. Neno hilo limeninyima raha. Ndiyo sababu ya barua hii, na nina jambo refu la kukueleza.

Umesikia habari za mashindano yetu ya mwezi uliopita? Raundi sita, siku mbili, saa nzima kwa kila mchezaji. Raundi ya kwanza ilichelewa kuanza kwa muda wa karibu saa mbili, watoto wamekaa tu na njaa, na hakuna aliyetuomba radhi. Niliumia kwa ajili yao kuliko kwa ajili yangu. Basi nikaingia raundi ya mwisho nikiwa na pointi tatu, nacheza na kijana mmoja wa shule, mpole, anaandika hatua zake kwa mwandiko mzuri kama anayenakili Kurani. Nikampata vizuri. Kete zikaisha moja moja mpaka zikabaki ngome yangu na askari mmoja dhidi ya ngome yake.

Tafadhali shusha ubao wako kabatini uzipange kete kama ninavyokuambia. Mfalme wangu mweupe g8 (herufi ni safu, a hadi h toka kushoto kwangu, na namba ni mstari, moja hadi nane toka upande wangu). Askari wangu g7, hatua moja tu awe malkia, lakini mfalme wangu mwenyewe ndiye amemzibia njia. Ngome yangu e1, imemzuia mfalme wake asisogee upande wangu. Mfalme wake d7, ngome yake h2. Zamu ni yangu. Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu, nikamsikia akishusha pumzi kama mtu aliyekwisha kula ushindi.

Nikamtoa mfalme f7. Akanipiga cheki, yaani akamtisha mfalme wangu, kwa ngome yake f2. Nikaenda g6, cheki g2. Nikaenda f6, cheki tena. Nikarudi g6, cheki, f7, cheki, g8. Nikatoka upya, akanifukuza upya. Kila nikitafuta kivuli, ile ngome inanipiga kutoka nyuma. Dakika zangu kumi na moja zikabaki nne, mikono inanitetemeka, na hali ile ile ikajirudia mara ya tatu. Yule kijana akasimamisha saa kwa adabu kabisa, akamwita mwamuzi. Sare. Nikamaliza na tatu na nusu, na bahasha ya zawadi ya mshindi wa tatu ikaenda kwa mwingine.

Si bahasha iliyoniuma. Usiku nilifika nyumbani nikaupanga mchezo ule kwenye ule ubao wetu wa kukunja, nikauliza simu nilipaswa kufanya nini. Ikaniambia: ngome e4. Basi. Hatua moja ya kimya, isiyompiga mtu wala kumtisha mtu. Nikatazama e4, na ndiyo ile nyumba yenye doa la kahawa uliyoimwaga wewe ule usiku wa mvua. Miaka yote vikombe vyetu vilikuwa vinakaa juu ya jibu.

Fuatisha na kete. Ngome e4, yeye anasogeza ngome yake h1 maana hana la maana la kufanya. Sasa mfalme f7, cheki f1. Mfalme g6, cheki g1. Mfalme f6, cheki f1. Mfalme g5, cheki g1, na hapo ngome yangu inateremka kutoka e4 hadi g4 na kuikinga cheki. Imekwisha, askari anavuka. Wanaiita kujenga daraja, na ukiiona mara moja utaelewa jina hilo limetoka wapi. Mkao wenyewe unaitwa kwa jina la Lucena, yule Mhispania aliyechapisha kitabu mwaka 1497, ingawa humo kitabuni mwake haumo. Ulichapishwa kwenye kitabu cha Salvio, Mwitalia, mwaka 1634. Karibu miaka mia nne, sahibu! Na sisi tulikuwa tunakesha kujifunza hatua ya kumi na nne ya ufunguzi wa Sisilia ambao hakuna mtu hapa mjini aliyewahi kutuchezea mpaka hapo.

Hilo ndilo nataka unisikilize. Hukukwama kwa kukosa akili. Wewe una jicho la mashambulizi kuliko mtu yeyote niliyekaa naye ubaoni. Ile siku ulipomtoa malkia sadaka mbele ya Mwalimu, baraza zima lilisimama. Tulikwama kwa sababu tulisoma mwanzo wa mchezo tu, na mchezo ukifika kete tano tunakuwa kama watu waliopotea njia. Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927, alisisitiza kuwa mwanafunzi aanze kwa kusoma mwisho wa mchezo. Babu yako alikuwa akituambia vivyo hivyo kwa maneno yake, unakumbuka? Alikuwa anawaita askari vitunda, na anatuuliza, "Kitunda chako hiki kinakwenda wapi?" Sisi tunacheka, tunataka kuua mfalme.

Unakumbuka pia 2013, Carlsen na Anand wakigombea ubingwa wa dunia kule Chennai? Mchezo wa tano na wa sita yote iliishia kwenye ngome na askari, na wewe ukaenda kulala ukisema hapo hapana kitu, ni sare. Carlsen akaishinda yote miwili. Nimeirudia mwezi huu, hatua kwa hatua, na kwa mara ya kwanza nimeona anachofanya: hana haraka, anamsogeza mfalme nyumba moja, anamwachia mwenzake tatizo dogo la kutatua, kisha jingine, kisha jingine, mpaka mwenzake anachoka.

Sasa nakueleza ninavyofanya. Kila usiku baada ya Isha, mkao mmoja tu. Naucheza na simu nikiwa upande wa mwenye nguvu mpaka nishinde mara tatu mfululizo, halafu nageuza ubao nijitetee. Nilianza na mfalme na askari peke yao, wafalme wakitazamana, nani analazimika kumpisha mwenzake. Wiki mbili nzima hapo, na sijuti. Kisha daraja. Sasa niko kwa Philidor, namna ya kujitetea kwa kuiweka ngome mstari ambao mfalme wa adui hawezi kuuvuka mpaka asukume askari wake, na akishamsukuma unaikimbiza ngome yako nyuma kabisa uanze kumpiga cheki kutoka mbali. Aliieleza mwaka 1777. Wewe mpenzi wa udi ungempenda mtu huyu, maana kazi yake ilikuwa kutunga muziki, michezo ya kuimba ya jukwaani huko Paris.

Ile michezo ya dakika tatu nimeiacha, isipokuwa Ijumaa moja moja. Ilikuwa inanifundisha kuwinda makosa ya mwenzangu, si kufikiri. Nacheza mchezo mmoja mrefu kwa wiki, nauandika kwenye daftari, na kabla sijaigusa simu naandika pembeni: hapa niliogopa nini, hapa nilidhani nini. Ukurasa wa raundi ile ya sita nimeuchora kwa wino mwekundu kwenye g8. Narudi kwake mara kwa mara. Bado unaniuma, lakini sasa maumivu yake yananivuta kwenye ubao badala ya kunifukuza.

Na mashindano lazima yawepo. Nyumbani mkono hautetemeki. Nyumbani hakuna ile sheria ya ukigusa umecheza, hakuna mtoto wa miaka kumi na mbili anayekutazama bila kupepesa macho. Wiki mbili zilizopita nilicheza pale kwa Mwalimu, michezo minne tu, na katika wa tatu zikabaki ngome kwa ngome na askari wake mmoja. Niliweka ngome mstari wa Philidor, nikasubiri, akasukuma, nikakimbilia nyuma. Sare ile, wallahi, niliipenda kuliko ushindi mwingi niliowahi kuupata.

Nina ombi, na nakuomba usinikatalie. Mwezi ujao kuna mashindano huko Nairobi. Nitapanda treni ya asubuhi Miritini na kushuka Syokimau Ijumaa, naomba nilale kwako usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Kochi linanitosha. Lakini sitaki kuja peke yangu kucheza wewe ukae nyumbani. Jiandikishe. Na kuanzia wiki hii, kila Alhamisi saa tatu usiku tucheze kwa simu mkao mmoja wa mwisho, nusu saa tu, kisha tupige gumzo.

Vipi kazi, zamu za usiku zimekwisha? Mtoto ameanza kutembea? Ile saa yetu ya mchezo, ya mbao, iko kwako au tuliisahau kwa shangazi? Kuna jambo nililokukosea ubaoni au nje ya ubao mpaka ukanyamaza hivi? Niambie wazi, mimi si mtu wa kufichwa jambo. Na kama ni huzuni tu ya kukwama, mbona hukuniambia?

Kisha nijibu hili, kwa maandishi, bila kuuliza simu: mfalme mweupe e5, askari wake e4, mfalme mweusi e7. Zamu ikiwa ya mweupe, mchezo unaishaje? Na zamu ikiwa ya mweusi je?

Wasalaam,
nduguyo wa barazani