Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Mawasiliano: simu ipimwe ikiwa mkononi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni fundi wa simu. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: kwa nini nikiilaza simu mtandao unakatika, nikiisimamisha unarudi? Wengi huulaumu mnara. Wakati mwingine wana haki, lakini wakati mwingine kasoro imo ndani ya simu yenyewe, tena simu yenye kibali cha ofisi kama yako.

Wimbi la redio hutikisika kwa mwelekeo wake: wima, mlalo au mshazari. Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz alilithibitisha hilo mwaka 1888 kwa kuzungusha wavu wa nyaya mbele ya mawimbi. Ulivyoelekea ndivyo yalivyopita au kuzuiwa. Antena nayo ni hivyo hivyo. Ikipishana na wimbi kwa nyuzi 45, inapokea nusu ya nguvu. Kwa nyuzi 60, robo. Kwa nyuzi 90, kinadharia, haipati kitu. Kinachoiokoa ni mawimbi yaliyogonga kuta na magari yakageuzwa mwelekeo njiani.

Wajenzi wa minara wanalijua hili, ndiyo maana antena zao nyingi zina jozi za vipande vilivyoinamishwa nyuzi 45, kimoja kushoto, kingine kulia. Lakini mnara hautikisiki. Kinachopinduliwa kutwa nzima, mara sikioni, mara mfukoni, ni simu!

Dawa ya wimbi kufifia ni kuwa na antena mbili, moja isaidie nyingine, lakini kuzitenganisha kwa umbali hakutoshi ndani ya simu. Kwenye masafa ya megahezi 900 urefu wa wimbi ni kama sentimita 33, na nafasi ya nusu yake, takriban sentimita 17, inayohitajika kwa kawaida ili antena mbili zisififie pamoja, simu nyingi hazina. Njia inayobaki wazi ni kuziweka antena zinazonasa mielekeo tofauti, hata zikikaribiana: wimbi likififia kwa moja, kuna uwezekano mkubwa nyingine bado inalishika.

Simu za 4G kwa kawaida zina antena mbili za kupokea. Je, mbili hizo zinasaidiana, au zimelala upande mmoja na kufifia pamoja? Hapo ndipo vipimo vinaponisikitisha. Vipimo vingi vya redio vya simu za 4G hufanywa kwa kebo iliyochomekwa mahali pa antena. Redio inapimwa, antena inarukwa. Simu inaweza kufaulu vizuri maabara huku antena zake hazisaidiani hata kidogo.

Ninakuomba, Mheshimiwa, kabla ya kibali, simu ipimwe hewani, ndani ya chumba kisichoakisi mawimbi, ikiwa imeshikwa na mkono wa bandia na kuzungushwa pande zote. Matokeo ya antena zote mbili yaandikwe kwenye boksi, ili mnunuzi ayasome kabla hajalipa.

Wako mtiifu,
Fundi wa simu