Kabla ya kura, kapime

Mwanangu,

Habari ya kugombea udiwani hapo Newark, Marekani, nimeipata kwa mkeo. Nimefurahi, na nimeudhika vilevile, baba mtu naambiwa baada ya majirani. Haya, hongera. Ila alipokuwa anaaga akaniambia jingine: kipimo cha saratani ya utumbo daktari alikuandikia tangu mwaka jana, na karatasi bado iko kwenye droo. Una miaka 46. Huko kwenu mtu anaanza kupimwa akifika 45.

Usiniambie huna nafasi. Wewe ndiye uliyenijaza masikio kwa habari za Donald Payne mpaka nikamjua kuliko mbunge wangu. Mwalimu wa shule, mzaliwa wa Newark hiyohiyo, akapambana na Peter Rodino, mbunge wa hapo, mwaka 1980 akashindwa, 1986 akashindwa tena, akangoja hadi mzee yule alipostaafu. Mwaka 1989 akaingia Bungeni, mtu mweusi wa kwanza kutoka New Jersey. Subira hiyo iige, maana wewe hukuzaliwa nayo. Mimi nilimpendea Mogadishu. Alikuwa mkuu wa kamati ndogo ya Afrika, angeweza kusomewa taarifa akiwa Washington, lakini Aprili 2009 alikwenda mwenyewe, na ndege yake ilipokuwa inaondoka makombora yakavurumishwa uwanjani. Mzee wa miaka 74, akatoka bila mchubuko.

Februari 2012 akatangaza kwamba ana saratani ya utumbo mpana. Tarehe 6 Machi amefariki. Hata mwezi haukutimia, mwanangu.

Mwanawe Payne, aliyerithi kiti chake cha ubunge na jina hilohilo, alihangaika na wenzake juu ya kipimo hiki miaka mingi. Wazee wenye Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko, walikuwa wakiingia kupimwa bure. Daktari akikuta kinyama kimeota ndani ya utumbo akakikata, mzee anatoka na ankara. Sheria ya kuondoa hilo ilipita mwishoni mwa 2020. Watu wamepigania mlango ufunguliwe, wewe unaogopa dawa ya kusafisha tumbo ya usiku mmoja.

Kapime.

Utasema, na wewe baba? Mwaka ule uko chuoni, nilipoona damu nilisema ni bawasiri. Nikanywa mwarobaini miezi minane, mama yako akifua vikoi bila kuniuliza. Kovu la tumboni unalijua. Uliambiwa ngiri. Haikuwa ngiri. Mwambie daktari wako hivyo, atataka kujua, kwa sababu mwenye mzazi aliyeugua hupimwa akiwa na 40, au hata kabla. Hiyo miaka sita aliyekula ni nani, piga hesabu mwenyewe, lakini usinipigie simu kwa ajili ya hilo. Nenda tu.

Bati la jikoni limekwisha, la uani bado, fundi anasubiri misumari. Mbuzi mweusi kazaa pacha. Shangazi yako anauliza kama madiwani wa huko hulipwa mshahara, nimemwambia aache tamaa. Pesa uliyotuma ipo, imebaki ya kutosha, na mama yako anasema usiongeze hata senti mpaka ametumiwa picha ya ile karatasi ikiwa na muhuri wa hospitali.

Baba yako