Mitungi ya maji na safari ya Mirihi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata na hilo swali nimelizungusha kichwani zamu nzima. Wauliza kama mimi navaa aproni ya risasi, ile metali nzito, chumba cha eksirei, mbona wanaanga wasishonewe nguo ya risasi waende zao Mirihi.

Waikumbuka ile aproni, siku moja uliivaa ukaelemewa ukakaa chini nayo. Yazuia eksirei vizuri sana, maana eksirei ni jamaa ya mwanga tu, ikigonga risasi yamezwa yaishia humo. Lakini huko juu mamangu kinachokuja si mwanga, ni viini vya atomu vyenyewe, protoni kwa wingi na hata viini vya chuma, vingine vyatoka kwa jua vingine kwa nyota zilizolipuka mbali huko, na hivyo vya mbali vyaja karibu na mbio za mwanga. Kikigonga risasi chaivunja, halafu vipande navyo vyaanza kukimbia, nyutroni na wenzake, vyaingia mwilini. Yaani ngao yenyewe yageuka kuwa mionzi!

Kinachofaa ni kitu chepesi chenye hidrojeni nyingi, sababu kiini cha hidrojeni ni protoni moja tu, hakina cha kuvunjika. Sasa hidrojeni iko wapi? Maji na plastiki. Hebu fikiria koridoni kwetu, ile mitungi ya njano ya lita 20 tunayojaza kwa muuza maji wa mkokoteni mifereji ikikauka, maji ndani plastiki nje. Jana nilikuwa naipanga ukutani, ule wenye ufa karibu na mkono umevuja tena umenilowesha khanga, nikasimama hapo nakuwaza wewe, maana vyumba vya kulala vya kituo cha anga vimewekwa polithini ukutani, jamii ile ile ya plastiki ya mitungi.

Na 2022 chombo cha Orion kilipozunguka mwezi kwa safari ya Artemis I, bila mtu, walipakia sanamu mbili za mwili wa mwanamke, Helga na Zohar. Zohar akavalishwa fulana nzito ya polithini, Helga hakuvalishwa, wapime tofauti. Walichagua mwili wa kike sababu sisi mionzi yatudhuru zaidi, na hilo nataka ulijue mapema.

Mashine nazo zaumia. Chembe moja yapita kwenye memori, sifuri yageuka moja, kompyuta yakosea hesabu. Ndio zile shatoli, vyombo vya anga vya Wamarekani, zilikuwa na kompyuta nne zapiga hesabu moja, mmoja akikosea wenzake wamkataa kama kura. Njia nyingine ni kuchagua mahali pa kupita, setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa hapa baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ikazunguka juu ya ikweta, na huku ikweta sumaku ya dunia ndio yakinga zaidi miale ya mbali. Pwani yetu hii!

Sasa kile kinachonitia wasiwasi kama mamako. Ile beji kifuani mwangu yahesabu mionzi, na kwa kazi yetu kiwango cha juu ni milisiveti 20, ndicho kipimo cha mionzi mwilini, kwa mwaka, mimi siikaribii kabisa. Chombo kilichobeba roboti ya Curiosity kwenda Mirihi 2011 hadi 2012 kilipima ndani yake kama milisiveti 1.8 kila siku. Yaani siku 11 tu mwaka wangu mzima umekwisha, na safari ya kwenda peke yake ni miezi kadhaa. Dhoruba ya jua waweza kujificha nyuma ya maji na mizigo masaa mengi mpaka ipite, lakini ile miale ya nyota yapenya hata hapo, na ukuta wa kuizuia kabisa ni mzito mno kurushwa. Hapo ndipo kazi ilipobaki mwanangu, na wewe kemia waiweza.

Siku ya wazazi nakuja na mabuyu na zile kachiri za pilipili. Daftari lako la fizikia liweke karibu tulisome pamoja.

Mamako