Mheshimiwa Waziri, mbao zetu bado mbichi

Kwa Waziri wa Viwanda, Nairobi

Mheshimiwa,

Assalamu alaikum. Mimi ni seremala wa Langoni, hapa Lamu, kazi niliyoachiwa na ami yangu. Nakuandikia kwa sababu ya kitanda.

Mwaka jana nilimtengenezea mteja wa Nairobi kitanda cha mwarobaini, mchago umejaa nakshi. Kilipopakiwa mashuani kwenda Mokowe, gati la upande wa bara, kupanda lori, kila ulimi wa kiungo ulikuwa umekaa tunduni barabara, hata kucha haipenyi. Miezi mitatu baadaye nikaletewa picha. Ubao wa mchago umepasuka kuanzia juu hadi katikati ya ua la nakshi, na tendegu moja, yaani mguu wa kitanda, linacheza kama jino la mtoto. Mteja hakunitukana. Aliniambia tu kwamba safari nyingine atanunua cha kutoka China. Nikamrudishia nusu ya pesa zake.

Kosa halikuwa la gundi wala la mchonga nakshi. Ubao ulikuwa mbichi. Hewa yetu ya bahari haikaushi mbao ikakauka kweli. Hata ukiiacha kivulini mwaka mzima, unyevu hubaki kama asilimia 15. Ikifika Nairobi, kwenye hewa kavu, inaendelea kukauka ikiwa tayari ni kitanda. Inasinyaa, ulimi unalegea, ubao unatafuta pa kupasukia.

Tangu Julai 2022 nchi za Afrika Mashariki zinatoza samani za nje ushuru wa asilimia 35. Tunashukuru. Lakini ushuru unapandisha bei ya kabati la chipbodi, haukaushi ubao wangu. Mteja aliyekimbia bei ya dukani akaja kwangu, kisha akapasukiwa na kitanda, huyo harudi tena, na majirani zake atawahadithia.

Inapotajwa sekta ya samani, nadhani huko ofisini picha inayokuja ni ya kiwanda chenye geti na mlinzi. Vipo, na vikubwa vina matanuri yao ya kukaushia. Ila wengi wetu tuko Gikomba na kando ya Barabara ya Ngong huko Nairobi, na kwenye vibaraza kama changu. Kile kitanda kimoja kilipita kwa mwenye mti huko Mpeketoni, kwa aliyeupasua, kwa nahodha, kwa mwenye punda (vichochoro vyetu havipitishi gari), kwa mwenye mashine ya randa anayetoza kwa futi, kwangu, kwa mchonga nakshi, na kwa kijana wa msasa na vanishi. Nyumba nane zimepika kwa kitanda kimoja. Hakuna hata mmoja wetu mwenye uwezo wa kujenga tanuri peke yake.

Tena mambo yalizidi baada ya Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Ilisemwa ni siku 90. Hadi Rais anatangaza kuiondoa marufuku ile, ni Julai 2023. Sikatai, misitu ilikuwa inaisha. Lakini mbao za saiprasi na paini kutoka bara zilipoadimika, macho yote yaligeukia miti ya mashambani. Mwarobaini unaangushwa Jumatatu, Ijumaa uko kwenye meza yangu, bado unanuka utomvu. Wazee walikuwa wakihesabu unene wa inchi moja kwa mwaka mmoja wa kusubiri. Leo nani atasubiri, na kodi ya kibaraza hulipwa kila mwezi?

Ombi langu ni tanuri moja la kukaushia mbao, lijengwe Mokowe, mahali ambapo mbao hushuka kutoka kwenye malori kabla ya kupanda mashua. Si lazima liwe la mitambo ya kifahari. Yapo ya jua, ya nailoni na feni, ambayo hukausha kwa wiki kadhaa kazi ya miezi mingi. Tutalipa kwa futi kama tunavyolipa randa. Liwe na kipima unyevu, na kila ubao upigwe chapa ya kiwango chake, ili mnunuzi wa Nairobi ajue anachonunua. Likiwa mikononi mwa chama cha mafundi wenyewe, sawa. Nachelea tu lisije likafungwa kufuli likisubiri mgeni rasmi wa kulizindua.

La pili ni fupi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka kaunti iwatengee wakazi wake asilimia 20 ya ununuzi. Lakini tenda ya madawati ikiandikwa kwa mkupuo, maelfu kwa pamoja, hapa hakuna fundi wa kuigusa. Anaichukua mwenye mtaji, kisha anatupigia simu tumtengenezee kwa bei ya kutupa. Mimi mwenyewe nimeshapigiwa. Ikatwe vipande vya madawati hamsini hamsini, tutaifanya, mradi mbao ziwe kavu.

Kwa sasa nina mbao kumi za mwarobaini nimezipanga uani, nimezitenganisha kwa vijiti hewa ipite, ncha zake nimezipaka rangi zisipasuke. Zina miezi minne. Jana mtu amekuja kuulizia kitanda, nikamwambia asubiri mwakani. Akacheka, akaenda zake.

Wako,
Fundi wa Langoni, Lamu