Kwa nini hatufungi "supachaja" ya umeme, na kwa nini kuitoa kunalipiwa

Wiki mbili zilizopita mteja wetu wa siku nyingi alitutumia ujumbe usiku, mrefu, na haukuwa wa salamu. Alituletea supachaja yake ya umeme tumfungie, tukakataa. Akaenda kufungiwa kwingine. Taa ya injini ilipowaka akarudi kwetu, tukaitoa, tukamwandikia bili. Sasa anauliza: mtu anamtozaje mwenzake kwa kuondoa kitu ambacho hata hakukifunga?

Kuuliza ni haki yake, na si yeye wa kwanza. Tumeshajibu swali hili mlangoni, kwenye simu, na mara moja msibani. Tunalijibu hapa ili lipate mahali pa kukaa.

Supachaja ya kweli ni kompresa inayosukumia injini hewa iliyobanwa. Kifaa hiki ni feni. Ndani kuna mota ndogo ya volti 12 na mapanga ya plastiki, nje kuna ganda linalong'aa lenye maandishi ya kutisha. Unakata bomba la hewa kati ya filta na throto (mlango wa hewa wa injini), unakipachika hapo, unakipa umeme, basi. Muuzaji anaahidi nguvu zaidi na mafuta kidogo, vyote viwili kwa pamoja. Hapo tu mtu alipaswa kusita, maana petroli huungua kwa uwiano wa kilo moja kwa hewa kilo 14.7 hivi. Ukiongeza hewa ili upate nguvu, lazima uongeze na mafuta.

Mteja wetu alipokuja mara ya kwanza hatukumkatalia hivihivi. Tulimfanyia jaribio mbele ya macho yake, na bado tunao mpira tuliotumia: mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, kama ule ambao mafundi ujenzi hupimia levo. Tuliukunja ukawa kama herufi U, tukatia maji yenye rangi, tukaufunga ubaoni. Mdomo mmoja tukauunganisha na sehemu ya kutolea hewa ya feni, tukaziba kila upenyo kwa selotepu, tukaiwasha kwa betri iliyojaa. Feni ikalia kama nyuki waliochokozwa. Maji yakasogea. Tukaweka rula: tofauti ya pande mbili ilikuwa sentimita 5 na kidogo.

Kisha kijana wetu wa mafunzo akachomoa feni, akaweka mdomo wake, akapuliza. Maji yote yakamrukia mwenye gari kifuani.

Tuliomba radhi kwa shati. Lakini ndiyo hesabu yenyewe. Mgandamizo wa bar 0.4, ambao kwa turbo ya kawaida (kompresa inayozungushwa na moshi wa injini) si mkubwa, ungesukuma maji yale mita 4 juu. Feni ilisukuma sentimita 5. Boksi lake limeandikwa lita nyingi za hewa kwa dakika, na huenda ni kweli, ikipuliza mahali wazi. Hata feni ya mezani inasukuma hewa nyingi chumbani, ila jaribu kujaza tairi kwayo.

Sasa iweke kwenye injini. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika huvuta karibu lita 3,700 za hewa kila dakika, kwa sababu kila silinda hunywa mara moja katika mizunguko miwili. Kuibana hewa hiyo ifikie bar 0.4 za ziada kunataka kama kilowati 4 hivi, hata ukiwa na kompresa nzuri. Kwa umeme wa gari hizo ni ampea zaidi ya 300. Altaneta ya gari kama hilo hutoa ampea 70 hadi 100, na hapo taa, pampu ya mafuta, feni ya rejeta na koili zote zinazigombania. Fyuzi iliyokuja na kifaa cha mteja wetu ni ya ampea 10. Hiyo ni wati 130 hivi. Nguvu moja ya farasi ni wati 746. Hata umeme wote ule ungegeuka upepo bila kupotea, hujafikia robo ya farasi.

Kama hesabu hazikupendezi, angalia waya. Waya wa stata ni mnene kama kidole, na stata hufanya kazi sekunde chache tu. Waya wa "supachaja" hii ni sawa na wa redio.

Kuna wateja hutujibu: mbona Audi wana ya umeme? Wanayo kweli. Mwaka 2016 waliiweka kwenye gari lao la SQ7, dizeli ya V8 ya lita 4.0. Lakini ile ni kompresa yenye mfumo wake wa volti 48 na betri yake ya lithiamu, inakula hadi kilowati 7, na inafika mizunguko 70,000 kwa dakika ndani ya robo sekunde. Na pamoja na hayo yote, kazi yake ni kusaidia turbo mbili pale mwanzoni kabla hazijapata moshi wa kutosha kuzizungusha. Gari likishachanganya, turbo zinabeba mzigo. Kuifananisha na feni ya volti 12 ni kama kufananisha winchi na kamba ya kuanikia nguo.

Wengine huapa kwamba kwao ilifanya kazi, na hatuwaiti waongo. Dereva mmoja alituambia gari lake limekuwa jepesi tangu lifungwe feni. Tukafungua boksi la filta tukakuta filta mpya, nyeupe pee. Aliyemfungia alibadilisha filta siku hiyohiyo, na betri ilichomolewa, kwa hiyo kompyuta ya gari ilisahau mazoea yake ya zamani ikaanza kujifunza upya. Tukamwomba aendeshe siku tatu feni ikiwa imetolewa na filta ikiwa palepale. Alirudi akasema gari bado jepesi. Feni hakuja kuichukua.

Halafu kuna mlio. Sauti ikibadilika, mguu nao unakanyaga zaidi.

Turudi kwenye bili, maana ndiyo iliyoleta ugomvi. Feni ikishafungwa haikai tu pale bila faida. Kitovu cha mota kimeziba katikati ya bomba, na injini inapovuta kwa nguvu zake, hewa inakwenda kasi kuliko feni inavyoweza kuisukuma. Injini ndiyo inaizungusha feni. Umelipia kizuizi.

Kwa mteja wetu kulikuwa na baya zaidi. Mdomo wa feni na bomba la gari lake havikulingana kipenyo, kwa hiyo aliyefunga alizungushia tepu ya umeme, mizunguko mingi tu, akabana kwa klampu. Joto la injini likalainisha gundi. Tepu ikafunguka upande wa chini, ambako jicho halifiki. Hapo ni baada ya sensa ya kupima hewa, kwa hiyo injini ilikuwa inavuta hewa ambayo kompyuta haijaihesabu. Msimbo ukatoka P0171, yaani mafuta ni kidogo mno kwa hewa iliyoingia.

Wengi wanadhani kazi imeishia hapo: unachomeka mashine, unasoma, unalipisha. Mashine inasema hewa imezidi. Haisemi inaingilia wapi. Inaweza kuwa gasket ya manifoldi, hozi ya breki, nozeli ya mafuta iliyoziba, pampu ya mafuta iliyochoka, au sensa yenyewe ni chafu. Tulipima presha ya mafuta, ilikuwa sawa. Tulipuliza moshi kwenye mfumo wa hewa, tukasubiri na tochi. Ulitoka kama uzi chini ya ile tepu. Ndipo tukatoa feni, na kwa sababu bomba la mwanzo lilikuwa limekatwa, tukatafuta jingine. Mteja alituona tunafungua klampu mbili. Saa mbili zilizotangulia hakuziona, alikuwa ameenda kula.

Kilichotufanya tusilale vizuri usiku ule hakimo kwenye bili. Tulipopitisha kidole ndani ya bomba, upande wa throto, kilitoka na vumbi laini la kahawia, lile linalokwaruza ukilisugua kati ya vidole. Filta ilikuwa nzima, lakini vumbi lilikuwa linapita pembeni yake kupitia ile tepu. Vumbi la namna hiyo ni msasa kwa ringi na kuta za silinda. Kwa bahati alitembea nalo kwa majuma machache tu. Tulipima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, na zote nne zilikaribiana. Gari jingine tulilopokea zamani lilikaa na uwazi kama huo karibu mwaka, likawa linakula oili na kutoa moshi wa bluu kila asubuhi. Lile tulilishusha injini. Mapanga ya plastiki nayo huvunjika, ingawa mara nyingi vipande hunasa kwenye throto kabla ya kufika ndani. Mara nyingi.

Na tuseme kitu ambacho wauzaji hawakisemi. Feni hizi zingefanya kazi kama zinavyotangazwa, tungezikataa kwa ukali zaidi. Injini isiyo na turbo huwa na uwiano wa kompresheni wa 10 au 11 kwa moja. Ukiisukumia bar 0.4 bila nozeli kubwa, bila kurekebisha muda wa cheche, bila mtu wa kupanga kompyuta, itaanza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, na kugonga huvunja pistoni. Anayefunga supachaja ya kweli hununua kompresa, intakula ya kupoza hewa, nozeli, wakati mwingine pampu na klachi, kisha hulipia siku nzima kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu za gari. Ndiyo maana ni ghali. Unafuu wa feni unatokana na kwamba haifanyi lolote kati ya hayo.

Kwa nini mteja wetu aliitaka tangu mwanzo? Gari lilikuwa halivuti. Hakutuambia, alitaka tu tufunge. Tulipolinyanyua tukazungusha magurudumu kwa mkono, la nyuma kushoto lilikataa. Pistoni ya kalipa ilikuwa imeshika kutu, pedi inakwaruza disiki muda wote, na rimu ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika baada ya mwendo mfupi. Alikuwa anaendesha huku amekanyaga breki kwa miezi, anatafuta farasi wa kuongeza.

Gari likija kwetu kwa malalamiko hayo, tunaanza na magurudumu, upepo wa tairi, filta ya hewa, plagi, kisha presha ya mafuta na kompresheni. Klachi inayoteleza nayo tunaiangalia, na kichujio cha moshi kilichoziba, ambacho huikaba injini kama mtu anayekimbia ameziba pua. Uchunguzi huo tunautoza, uwe umepata kasoro au haujapata. Ukitengeneza kwetu, tunaupunguza kwenye bili ya mwisho, kama tulivyompunguzia yeye. Hilo halikuwemo kwenye ujumbe wake.

Feni yake ipo kwenye boksi chini ya meza, na shati tumeshalipia dobi. Gari linavuta, amekiri mwenyewe. Juzi ametutumia picha nyingine, ya sumaku za kufunga kwenye paipu ya mafuta, anauliza tunaonaje. Tumemwambia aje nazo, na avae shati la zamani.